Mkalimani wa Jembe na Nyumba

Shida yangu ilianza mwaka 1985, nikiwa na miaka ishirini, na ilianza kwa kupewa kazi nzuri. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani naandika kutafuta huruma. Sikuunguliwa nyumba wala sikuibiwa. Niliitwa ofisi ya chama wilayani, nikapewa kiti, nikapewa chai ya maziwa kwenye kikombe chenye kisahani, kisha katibu akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye malapa na kuniuliza kama ni kweli najua Kiswahili. Nikamjibu kwamba nimekuwa utingo wa lori la Mwanza kwa miaka miwili, na kwamba kwenye lori mtu asiyejua Kiswahili huachwa kwenye pori la Biharamulo akienda kujisaidia. Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Shule niliishia darasa la nne. Nimeliandika hilo kwenye kila fomu niliyowahi kujaza, na sijaona aibu, kwa sababu wengi waliosoma kunizidi wamekuja baadaye kuniomba kazi.

Kilichonikalisha na daftari hili ni msiba. Mwezi uliopita tulimzika Mheshimiwa Gervasi, mbunge wetu wa vipindi vitano mfululizo. Palikuwa na maturubai manne, viti vya plastiki vya kukodi, magari ya serikali yamepangwa mpaka barabarani, na kijana mshereheshaji mwenye suti ya kubana akisoma wasifu kwenye simu yake. Akasoma shule, ualimu, ubunge, kamati, safari za nje. Alipofika katikati akainua sauti: "Marehemu hakuwahi kumdanganya mwananchi hata siku moja! Wengine waliahidi, yeye hakuahidi. Ndiyo maana tukamwita Mzee Siahidi!" Watu wakaitikia, akina mama wakalia. Binti yake mkubwa, naye mtu mzima sasa, akanifuata nilipokaa, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Poleni sana." "Tumeshapoa. Baba alikuwa anakutaja. Alisema wewe ndiye ulikuwa naye kampeni ya kwanza. Tunaomba useme neno, hata dakika mbili tu." Nikamwambia koo linaniuma. Koo halikuwa linauma. Yale aliyoyasoma yule kijana ni kweli tupu, na mimi ndiye ninayejua ukweli ule ulipatikanaje, na pale msibani hapakuwa mahali pake.

Vijana wa leo hawaamini nikiwaeleza kampeni za wakati ule. Chama kilikuwa kimoja, wagombea wawili, wote wa chama hicho hicho. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma ajue pa kupiga kura yake. Walipanda gari moja, wakalala chumba kimoja, wakala meza moja, wakasimama jukwaa moja kila mtu na dakika zake. Ilikuwa marufuku mgombea kwenda kwa watu peke yake, marufuku kununua pombe, marufuku kutaja kabila au dini, na marufuku kuhutubia kwa lugha yoyote isipokuwa Kiswahili. Sasa huko milimani kwetu Ngara siku hizo Kiswahili kilikuwa cha karani, cha polisi na cha mwenye duka. Mama anayelima maharage alikuwa na Kihangaza chake, basi. Kwa hiyo chama kikatafuta mkalimani mmoja wa kuwafasiria wote wawili, kijana ambaye si mtu wa huyu wala wa yule. Nikawa mimi. Nilipewa shati jeupe na kuambiwa nilifue mwenyewe kila jioni.

Mwenye jembe alikuwa Bwana Athumani, wa familia ya Waswahili wenye maduka mjini, ambao babu yao alitoka pwani na biashara akaoa huku akazeekea huku, na nyumbani kwao ni Kiswahili tu, Kihangaza hawakijui. Mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya kufuma. Kwenye kila mkutano alianza hivi: "Ndugu zangu, mimi niliyepewa jembe sijawahi kulima hata tuta la mchicha. Na mwenzangu aliyepewa nyumba anakaa nyumba ya kupanga. Sasa mjue chama kina utani." Nikilifasiri hilo watu walikuwa wanaangukiana kwa kicheko. Mwenye nyumba ndiye huyo Gervasi. Alikuwa mwalimu, mwembamba, mwenye miwani, maneno machache. Alizaliwa kwetu lakini baba yake alimchukua akiwa mtoto wakaenda Tanga kwenye mkonge. Alirudi mtu mzima, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio, akasema Kihangaza kimemtoka kabisa. Watu walimhurumia. Walimwona kama mtu aliyerudi vitani bila mkono.

Tulikuwa tunalala kwenye nyumba ya wageni ya serikali, chumba kimoja chenye vitanda vitatu vya chuma na dirisha ambalo halifungi. Ukuta ulikuwa umepigwa chokaa, ukiegemea unaondoka na mgongo mweupe. Asubuhi Bwana Athumani alikuwa anaswali kwenye mkeka wake kati ya vitanda, na Gervasi anakaa kitandani na miguu juu ili asimpite mbele. Waliheshimiana. Siku nyingine nilikuwa nawasikia wakizungumza nikiwa napiga pasi shati langu kwa pasi ya mkaa barazani. Siku moja Athumani alisema, "Mwalimu, ukishinda utanikumbuka?" Gervasi akasema, "Nikishinda nitalala." Athumani akasema, "Mimi nikishinda nitamwoa wa tatu, ukishinda wewe nitaongeza duka. Kwa hiyo mimi sishindwi." Na wakacheka wote wawili, mmoja kwa sauti, mwingine kwa pua.

Mpishi wa pale alikuwa mama mmoja, Mama Angela, mkali, hajui Kiswahili zaidi ya "karibu" na "tayari". Alikuwa anatupa chai, viazi vitamu na maharage ya jana, na akishaweka sahani mezani anasimama mlangoni na mwiko akituzungumzia kwa Kihangaza kana kwamba sisi ni ng'ombe. Asubuhi moja, akimtazama Gervasi anavyomaliza sahani ya pili, akasema peke yake: "Huyu mwembamba anakula kama wanne, na wala hatujui anavipeleka wapi. Labda ana mfuko suruwalini." Mimi nilijikaza. Nilipoinua macho nikaona Gervasi ameficha uso kwenye kikombe, mabega yanatikisika, chai inamtoka puani. Athumani akamuuliza, "Vipi, mwalimu?" Akasema, "Chai ya moto." Chai haikuwa ya moto. Nami ndiye niliyeimimina. Kuanzia siku ile nilijua Kihangaza hakijamtoka. Nikanyamaza. Niliona ni siri ya mkubwa, na mkubwa ana sababu zake. Labda aliona mgombea anayejua lugha ya watu atatiliwa shaka na wakubwa wa chama. Labda alipenda tu kusikia watu wanasema nini wakidhani hawasikii. Sikuwahi kujua.

Kilima cha Nyarusange tulikifikia mwishoni mwa kampeni, kiangazi kikiwa kikali, migomba imekunja majani. Kilima kile kwangu hakikuwa kilima tu. Nilikuwa nimechumbia pale, kwa Mzee Bazira, balozi wa nyumba kumi, na binti yake aliitwa Verena. Vibuyu vya pombe ya ndizi vya kuombea mke vilikuwa vimeshapelekwa na kupokewa, na imebaki kupanga siku. Kwa hiyo siku ile, pamoja na wagombea, nami nilikuwa natazamwa. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa amekaa mstari wa mbele na kanga mpya. Walituweka kwenye darasa la shule, wakatuchinjia mbuzi, wakaleta ndizi zilizopikwa na maharage mabichi, na tukala tukashiba watu wakitusubiri uwanjani. Kuna jambo la kwetu inabidi nilieleze hapa. Mgeni aliyekula kwa mtu haachi neno la kukataa limelala mlangoni kwa mwenyeji. Kama jibu ni hapana, analizungusha, analifunika, anasema tutaona Mungu akijalia, na mwenyeji anaelewa. Ukisema hapana kavu na mdomo bado una mafuta ya mbuzi wake, umemtukana.

Mkutano ulipofika wakati wa maswali, Mzee Bazira akasimama na fimbo yake. Akauliza jambo moja. Maji. Chemchemi ya Nyarusange iko bondeni, na wanawake walikuwa wanapanda na mitungi kichwani mpaka jua linawaka. "Hatuulizi barabara," alisema. "Hatuulizi hospitali. Mwenye jembe na mwenye nyumba, kila mmoja atwambie, maji yatapanda au hayatapanda?" Athumani akajibu kwa mzaha wake na kuzunguka, nikafasiri, watu wakacheka kidogo. Akasimama Gervasi. Nalikumbuka kila neno, maana nimelirudia kichwani kwa miaka arobaini: "Wazee wangu, sitawadanganya. Chemchemi iko chini, ninyi mko juu. Kuyapandisha maji kunataka mashine, mashine inataka dizeli, na dizeli wenyewe mnajua haipatikani. Nikiwa mbunge nitauliza. Lakini siahidi." Akaningoja mimi.

Uwanja mzima ulikuwa umenigeukia. Mama mkwe ameegemeza shavu kwenye kiganja. Verena alikuwa nyuma na wasichana wenzake. Nami nilikuwa na miaka ishirini na shati jeupe, na kwa mwezi mzima nilikuwa nimekula vigelegele kila siku, vya vichekesho vya Athumani, vya hotuba za Gervasi, mpaka nikadhani ni vyangu. Nikafungua mdomo. Nikasema kwa Kihangaza: "Wazee, amesema maji yatapanda. Mashine ipo. Mkimpa kura, na mkichimba mtaro kwa mikono yenu kutoka chemchemi mpaka shuleni, mabomba yatafika kabla mahindi hayajakauka." Mtaro niliutoa wapi? Niliwahi kuona watu wakichimba mtaro kando ya barabara ya Biharamulo, nikiwa juu ya lori. Ulinijia tu. Nilipomaliza nikamtazama Gervasi. Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa pindo la shati, taratibu, kioo kimoja, kisha cha pili. Hakuinua macho. Watu walisimama. Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia tena, hata kwenye harusi za wanangu.

Kwenye Landrova, Athumani aligeuka kutoka kiti cha mbele. "Mwalimu, hebu nieleze. Mimi nimewachekesha wamenipigia makofi mawili. Wewe umewaambia maji hakuna, wamekaribia kukubeba. Hii ni nini?" Gervasi alikuwa anatazama nje. "Wamependa ukweli, Bwana Athumani." "Basi na mimi kesho nitasema ukweli," Athumani akasema, na kweli kesho yake akasema, mahali pengine, nami nikaufasiri kama ulivyo, wakamzomea. Usiku huo, tukiwa tunavua viatu, Gervasi alinisemesha mara moja tu, kwa Kiswahili: "Umefanya kazi vizuri, kijana." Nikafurahi. Nililala usingizi mzuri kabisa. Hilo ndilo linalonisumbua nikikumbuka, kuliko uongo wenyewe.

Gervasi alishinda kwa tofauti ndogo. Katibu alisema sanduku la Nyarusange ndilo lililomvusha, karibu kura zote nyumba. Mvua zilipoanza na udongo kulainika, kilima kikaanza kuchimba. Mzee Bazira alikuwa msimamizi, na kijiti chake cha kupimia kina, akipita asubuhi nyumba kwa nyumba kuwatoa watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Nami nilikwenda nikachimba. Msomaji ataniuliza, ulichimba nini na ulijua? Nilichimba kwa sababu mkwe mtarajiwa hawezi kukaa barazani wakati baba mkwe anachimba. Na nilichimba kwa sababu nilijiambia kwamba mbunge akiuona mtaro umekwisha ataona haya, ataleta mabomba, na uongo wangu utakuwa umegeuka kuwa kweli bila mtu kujua. Kila asubuhi nilijiambia hivyo. Mtaro ulikwenda kwa miezi. Ulipita kwenye mashamba ya watu, ukakata migomba ya wajane wawili waliokubali bila kinyongo. Jiwe lilimwangukia kijana mmoja, kaka wa Verena, likamvunja mguu, na hakutembea sawa tena. Hata siku hiyo sikusema. Mchana Verena alikuwa analeta viazi na maziwa mgando, anakaa kwenye ukingo wa mtaro miguu ikining'inia. Siku moja akaniambia, "Mwenzangu ukinioa wewe utanizoesha vibaya. Nitakuwa mwanamke wa kukaa kivulini, maana maji yatakuwa mlangoni." Nikamwambia, "Utanenepa." Akasema, "Ninenepe, kwani utanibeba?" Nikacheka naye. Halafu nikachimba.

Mheshimiwa alikuja kushukuru wapiga kura mwaka mpya ulipoingia. Safari hii alikuja na gari lake na mlinzi, na katibu akaniita nikafasiri tena. Niliwaza kutoroka. Nilifika mpaka stendi ya malori. Nikarudi, kwa sababu ningetoroka angefasiri mwingine, na jambo lingekuwa lile lile, ila mimi ningekuwa mwoga pia. Uwanja wa shule ulikuwa umefagiliwa. Mtaro ulikuwa umekwisha, umenyooka kutoka bondeni mpaka kwenye mlango wa darasa, ukingo umesawazishwa kwa majembe, wala huwezi kuamini ni kazi ya mikono. Mzee Bazira akasimama, hakuhutubia. Alinyoosha fimbo kuuonyesha. "Mheshimiwa, tulichoagizwa tumemaliza. Tunangoja chako."

Nikalifasiri kwa Kiswahili. Gervasi aliutazama mtaro kwa muda mrefu. Uso wake ulibadilika, hilo nitalisema mpaka nife, nadhani hakujua kwamba wangechimba kweli. Kisha akajikusanya, akasema: "Wazee wangu, mimi sikuahidi maji. Nilisema wazi kwamba siahidi. Anayejua Kiswahili na alikuwepo siku ile anaweza kushuhudia. Aliyewaambia kuhusu mtaro si mimi." Mwalimu mkuu wa shule ile, mgeni kutoka Mara, akaitikia kwa kichwa. Yeye alikuwa amesikia Kiswahili chake na Kihangaza hakujua, kwa hiyo hakuwahi kufahamu wenzake walishangilia nini. Nikabaki nimesimama. Gervasi akasema tena, kwa sauti ya chini, akinitazama kwa mara ya kwanza: "Fasiri. Safari hii kama nilivyosema."

Safari hii. Nilisikia neno lile na nikajua sote wawili tunajua. Ningeweza kupaza sauti kwamba mtu huyu anasikia Kihangaza kama mimi na wewe, alisikia kila kitu, akafuta miwani. Nani angeniamini? Na hata kama wangeniamini, mdomo uliosema ulikuwa wangu. Ningeweza pia kufasiri vingine, niseme mabomba yako njiani, tuendelee kungoja mwaka mwingine. Hilo lilikuwa jepesi, lilikuwa limeshanijia ulimini. Nikamgeukia Mzee Bazira, si umati, nikasema kwa Kihangaza, taratibu, nikihesabu maneno: "Anasema hakuahidi maji. Anasema alisema siahidi. Anasema aliyewaambia kuhusu mtaro si yeye." Kisha nikaongeza langu moja: "Na ni kweli. Ni mimi."

Hakuna aliyenipiga. Wengi wanadhani nilipigwa, ndivyo inavyosimuliwa siku hizi. Watu waliinuka wakaanza kuondoka, wengine wakiruka ule mtaro, wengine wakiuzunguka. Mzee mmoja alitema mate ndani yake. Mzee Bazira alinijia karibu mpaka nikasikia harufu ya tumbaku yake. "Kijana, niliyeuliza ni mimi," akasema. "Na mwanangu amevunjika mguu humo, na wewe uko kando yake na jembe. Siku ile ile jioni ungenifuata nyumbani ukaniambia, mzee nimeteleza, ningekutukana, halafu ningekupa chakula." Nikamwambia, "Nisamehe, baba." Akasema, "Usiniite hivyo." Kabla ya wiki kwisha vibuyu vyetu vilirudishwa nyumbani, vimeoshwa na kukaushwa. Kwetu hilo halihitaji mtu wa kueleza. Verena sikumwona. Nilisikia tu kwamba ndiye aliyeviosha.

Nikaondoka. Lori la chumvi lilinishusha Nemba, upande wa Biharamulo, mahali nisipojua mtu na hakuna aliyenijua. Mwaka uliobaki nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya watu, nalala kwenye banda la kuhifadhia mahindi, nakula ugali na mlenda. Walikuwa wananiita Mhangaza tu. Waliponiuliza jambo nilikuwa najibu ndiyo au hapana. Nilijifunza hilo kwa shida, mpaka leo watu wanasema nina mdomo mkavu, sina heshima ya kuzungusha maneno. Wanangu wenyewe wanalalamika. Mama yao alinikubali kwa sababu hiyo hiyo, alisema amechoka na wanaume watamu.

Na mbunge? Aliendelea. Kutoka siku ile, kila mkutano, alianza na maneno yale yale: mimi siahidi. Watu walisimulia jinsi alivyosimama Nyarusange mbele ya mtaro na kuukataa uongo wa mkalimani, na hadithi ikazunguka jimbo zima, na jimbo likampenda. Vyama vingi vilikuja, wapinzani walikuja na ahadi za kila namna, naye alishinda kwa kutoahidi. Sitasema alikuwa mbunge mbaya. Alipigania sekondari ikajengwa. Alikuwa anauliza maswali bungeni, tulimsikia kwenye redio, sauti ile ile iliyonyooka. Aliposinzia kwenye kiti nilimsamehe, hata mimi ningesinzia. Nilimpigia kura mara nne, maana nilikuwa nimesharudi jimboni, upande wa Kabanga, na mara ya tano niliumwa. Maji Nyarusange hayakupanda kwa mkono wake. Wakimbizi walipojaa Lukole, mashirika yalichimba visima na kuvuta mabomba kambini, na wanawake wa kilimani wakawa wanakwenda kuomba ndoo kwa watu waliokimbia vita. Kaka wa Verena alikuwa anakwenda na baiskeli, kwa mguu ule. Hayo niliambiwa, maana mimi sikwenda.

Gervasi alipoanguka kwenye kura za maoni, akashindwa na kijana mwenye magari mawili na kipaza sauti, alipita Kabanga. Wakati huo nilikuwa nimeshajenga nyumba yangu ya wageni karibu na mpaka, mabasi ya Burundi yanasimama mlangoni. Ilikuwa mchana. Aliingia peke yake, amekonda, koti linamning'inia, akaketi meza ya pembeni. Nilimwendea mwenyewe. Kabla sijasema shikamoo akanisalimia kwa Kihangaza, safi, cha wazee, chenye maneno ambayo hata mimi nimeyasahau. Nikavuta kiti. Nikaagiza ndizi na maharage na nyama ya mbuzi kwa watu wawili. Tukala kwanza.

"Ulifasiri vizuri siku ile," akasema.

"Ipi?"

"Ya pili."

Nikamuuliza, "Ile ya kwanza ulisikia?"

"Nilisikia."

"Sasa mbona hukunikatiza?"

Aliuchambua mfupa mpaka ukabaki mweupe. "Na wewe mbona ulianza?" akasema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka, nami nilikuwa nimechoka, na wote wawili hatukuwa na jibu ambalo lingemfaa Mzee Bazira, aliyekuwa ameshakufa zamani. Mhudumu akaja kuuliza kama tuongeze supu. Akaongeza. Gervasi alipoondoka alitaka kulipa, nikakataa, akasema, "Basi nitakuja tena." Nikamwambia, "Usiahidi." Hapo ndipo nilipomwona akicheka kama alivyocheka kwenye kikombe cha Mama Angela. Hakuja tena.

Sasa nina miaka zaidi ya sitini na sukari inanisumbua. Ninachomiliki leo ni hiki. Nyumba ya wageni Kabanga, vyumba kumi na viwili, vinne vina choo ndani. Shamba la ekari tisa Nemba, migomba na kahawa na kipande cha mihogo. Ng'ombe watano, mmoja ana mimba. Pikipiki moja inayotembea na pikapu moja isiyotembea. Mke mmoja. Watoto sita walio hai, wote wamemaliza shule, mmoja ni mwalimu. Tangi la maji la saruji nililolijenga mwenyewe nyuma ya nyumba, ambalo jirani yeyote anachota. Na mahali pa kuzikwa, ambapo nimeshapaonyesha wanangu na kupawekea mawe manne kwenye pembe. Wao walitaka iwe Ngara, nyumbani. Nimewaambia hapana. Ni Nemba.